Maoni ya Mwalimu Mkuu Juu ya Mwombaji

Njombe, 4 Agosti 1957

Dada Dorika, mama wa hoteli ya njia panda,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kwa ukoo mzima, wa hapa na wa huko Makambako, kwamba suruali yangu ya kaki, iliyonitumikia miaka tisa bila likizo, iliaga kazi siku ya Jumanne saa nne asubuhi, mbele ya darasa la sita. Nilikuwa nikiwaeleza watoto nusu kutoa theluthi inabaki ngapi, chaki ikaanguka, nikainama, nikasikia sauti kama mtu anapasua kuni mbichi. Watoto wetu wana adabu, hakuna aliyecheka mpaka nilipofika mlangoni. Nilitoka kinyumenyume kama mtu anayeagana na chifu, na mdogo wetu Sila akaingia akaimalizia ile hesabu. Huyo marehemu suruali, mke wangu Tabea amemkata vipande, sasa anavishikia sufuria.

Baada ya msiba huo, nakusalimu kwa Kibena chetu, kamwene. Sisi wazima. Baridi ya mwezi huu haina haya, asubuhi umande umeganda juu ya majani ya viazi na watoto wanakuja shule mikono imejificha kwapani. Tabea anakusalimu, anasema ile mbegu ya maharage uliyompa imeota nusu.

Sasa jambo lenyewe. Kile Chuo cha Ufundi nilichokwambia kinachukua vijana wawili tu kutoka jimbo letu lote, na hao wawili watasomeshwa bure, nauli, chakula, vitabu, hata viatu. Hawatazami mtoto wa nani, wanatazama alama. Sila alifanya mtihani wao bomani mwezi wa sita, na alitoka anatabasamu, jambo ambalo wewe na mimi tumeliona labda mara tatu tangu azaliwe. Sasa wameleta fomu ijazwe na mwalimu mkuu wake. Mwalimu mkuu, kama utakumbuka, ni mimi. Nimeijaza jana na kuipeleka posta leo. Muhuri niliupiga mara mbili, kwa sababu ule wa kwanza ulitoka kichwa chini miguu juu.

Kaka yako,
Manase


Makambako, 25 Agosti 1957

Kaka Manase,

Salamu zako zimefika zikiwa zimelowa mafuta ya taa, dereva alizifunga pamoja na debe. Sisi hatujambo. Hoteli inakwenda, malori ya Mbeya yanasimama, ya Songea yanasimama, na kila dereva anadai chai ya Iringa ni tamu zaidi, kisha anakunywa vikombe vitatu vya kwangu.

Nimeisoma habari ya suruali kwa sauti kubwa hapa hotelini. Usinikasirikie, nilitaka kulia nikashindwa. Namtuma dereva huyuhuyu na suruali mpya. Nimekisia kiuno chako kwa kumtazama mteja mmoja mnene, kama haikutoshi punguza viazi.

Kuhusu Sila, nimefurahi mpaka nimemwaga maziwa. Mama alipokuwa kitandani alikukabidhi wewe mtoto huyu, hakuikabidhi shule. Alisema huyu mikono yake inafikiri, asikae kijijini akaoza. Mimi nilikuwepo, nimeshika bakuli. Amekaa na wewe miaka mitatu tangu amalize darasa la kumi, akifundisha watoto wako na kutengeneza kengele yako na mashine ya unga ya misheni. Inatosha.

Niambie kitu kimoja. Pale kwenye fomu panapotakiwa maoni ya mwalimu mkuu, uliandika nini? Nauliza kwa sababu Kiingereza chako nakijua, kina kona nyingi kuliko barabara ya Lupembe.

Dorika


Njombe, 27 Oktoba 1957

Dada Dorika,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa na mkaguzi wa shule, na kabla ya mkaguzi nilikuwa na hofu ya mkaguzi, na baada yake uchovu wa hofu. Ametusifu. Amesema hesabu za shule hii ni za kwanza wilayani, akaniandikia karatasi, nayo nimeitundika ukutani karibu na picha ya harusi. Tabea anadai nimeitundika juu zaidi ya picha yake. Si kweli, ni ukuta umepinda.

Suruali imefika. Yule mteja wako anakula vizuri kuliko mimi, lakini nimefunga mkanda, na sasa nikigeuka, mimi nageuka kwanza yenyewe inafuata.

Chuo bado kimya. Nawaona kwa macho ya moyo, wale mabwana na makarani wao, kila mmoja na kikombe chake cha chai, fomu za watu zimewekwa chini ya mguu wa meza isiyumbe. Watu wanaojenga madaraja hawawezi kuvusha bahasha moja. Sila anakwenda posta kila Ijumaa, anarudi, anachukua randa yake.

Mvua za kwanza zinanukia. Mbuzi wetu mweupe amezaa mapacha.

Manase


Njombe, 8 Desemba 1957

Dada Dorika,

Tunaendelea vizuri, isipokuwa pacha mmoja amekufa.

Jibu limekuja. Sila hakuchukuliwa. Barua yenyewe ina mistari minne na sahihi ndefu kuliko barua. Wanasema ushindani ulikuwa mkali, wanamtakia kila la heri. Wamechukua mmoja kutoka Mbeya na mmoja wa hapahapa kwetu, Odilo, kijana wa misheni ya Wakatoliki ng'ambo ya mto, yule aliyewahi kuezeka banda la nguruwe likaanguka juu ya nguruwe.

Hayo ndiyo wanayoita kutazama alama. Mimi nimezeeka shuleni, dada, najua mambo haya. Yupo mtu wa kumfahamu mtu, yupo padre wa kuandika kwa wino mzuri. Sisi Walutheri wa mlimani tunajua kuimba tu. Chuo gani hicho, basi. Afadhali asiende akafundishwa kuezeka mabanda ya namna ile.

Sila aliisoma mara moja, akaikunja, akaenda kuangalia gurudumu la mashine. Usimwandikie sana juu yake, ataona tunamhurumia. Krismasi hatutaweza kuja, mguu wangu unauma.

Manase


Makambako, 19 Januari 1958

Kaka,

Pole na mguu. Mwaka jana ulikuwa wa kushoto, natumaini safari hii umeupumzisha huo.

Huku mvua imekata barabara mara mbili na hoteli imejaa watu wasioweza kwenda mbele wala kurudi. Ndiyo maana nimeweza kuketi mezani na huyo Odilo wako. Amepita Jumatano na Alois, baba yake mdogo, ambaye ndiye aliyemfundisha. Wamelala hapa siku mbili wakisubiri lori la Iringa. Kijana ni mpole, sina neno naye, ila kitasa cha sanduku lake kilimshinda na nikamfungulia mimi kwa uma. Huyo ndiye atakayejenga madaraja. Nitakuwa navuka kwa miguu, nimevua viatu.

Alois yeye si mpole. Alijigamba tangu chai ya kwanza mpaka ya nane. Nikamwuliza, hivi hao mabwana wa chuo walimpendea nini kijana wenu. Akafungua mfuko wa koti akatoa nakala ya maoni aliyoyaandika, akanisomea na kunitafsiria. Kaka, sijawahi kusikia uongo uliosimama wima namna ile. Odilo ana akili isiyopata kutokea nyanda hizi zote. Odilo akitazama saa mbovu, inapona. Hata banda la nguruwe limo, ameliita jaribio la ujasiri.

Nikacheka sana. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilikumbuka kwamba nilikuuliza mwezi wa nane na hukunijibu. Nakuuliza tena. Wewe uliandika nini?

Na nisikufiche, nimewaandikia chuo mimi mwenyewe. Kwa Kiswahili. Wakitaka kucheka wacheke, wateja wangu wamenizoesha.

Dorika


Njombe, 9 Februari 1958

Dada Dorika,

Mguu ni uleule wa kushoto, unaheshimu mila.

Umefanya haraka kuwaandikia. Watu wakubwa hawapendi kuulizwa. Na huyo Alois usimpe chai tena, mtu anayesifu mtoto wake mwenyewe mbele ya watu namna hiyo hakulelewa. Unakumbuka baba siku ya posa yako. Wakwe walikuja wamevaa vizuri, naye akawaambia, mnachukua mzigo, binti huyu ugali unamshinda, anaunguza hata maji. Na wakwe wakafurahi, wakajua wamepewa binti wa watu. Ndivyo tulivyo. Mgeni tunamwambia hakuna chakula, na kuku yuko chunguni.

Shule imefungua. Viazi vimeoza kwa maji. Tabea anakusalimu.

Manase


Makambako, 2 Machi 1958

Kaka Manase,

Sote tu wazima, mvua imepungua, nitasema haraka.

Chuo wamenijibu. Wamejibu kwa Kiswahili kizuri, karani wao ametia mpaka salamu. Nanakili hapa ili usiseme nimesikia vibaya:

"Mwombaji Sila alikuwa wa kwanza kwa alama katika jimbo zima. Baraza lilikuwa tayari kumpa nafasi. Lakini mwalimu wake mkuu, ambaye ameishi naye, ameandika kwamba kijana huyu hajui kitu, ni mzigo, na kwamba wampokee hivyohivyo kama wanavyomwona. Baraza liliona kwamba mtu anayemjua namna hiyo hawezi kupuuzwa."

Wa kwanza, kaka. Jimbo zima.

Nimeisoma nimesimama jikoni, maandazi yameungua yote, na mimi ndiye niliyesifiwa kwa kuunguza maji.

Dorika


Njombe, 9 Machi 1958

Dada Dorika,

Nimeipata barua yako, na siku tatu nimetembea nayo mfukoni mwa suruali ile kubwa.

Ndiyo, niliandika hivyo. Niliandika kama baba alivyotufundisha. Kalamu ilipofika kwenye jina la mdogo wangu niliona haya kumsifu mbele ya wageni, nikamshusha kidogo kama mtu anavyoshusha mzigo mlangoni kwa mwenyeji. Mbena yeyote angesoma maneno yale angesema, lo, huyu lazima ni kijana wa ajabu, tumpe vyumba viwili. Sikukumbuka kwamba wasomaji si Wabena. Ni upumbavu wangu, nao unaujua, umeishi nao tangu tukichunga mbuzi. Kosa ni la adabu, si la moyo. Naomba tucheke siku moja.

Sila sijamwambia. Sioni faida.

Manase


Makambako, 16 Machi 1958

Kaka,

Leo sina salamu.

Mwaka juzi shemeji yako Linus, ndugu yake Tabea, alipotaka ukarani kwenye shamba la miti ya miwati, ulimwandikia Mzungu wa shamba. Linus mwenyewe alinionyesha ile barua hapa hotelini, akijivuna. Uliandika kwamba ni mwaminifu na mwepesi wa hesabu kuliko kijana yeyote wilayani. Linus, ambaye akihesabu magogo kumi anapumzika kwenye la saba. Siku hiyo adabu ya baba ilikuwa imekwenda wapi?

Unajua kuwaandikia Wazungu. Ulijua siku zote.

Usiniandikie tena habari za mguu wala mbuzi. Niambie kilichotokea, au usiandike.

Dorika


Njombe, 30 Machi 1958

Dorika,

Nimeandika barua hii mara nne. Tatu za kwanza zilikuwa za kuchekesha, nimewashia moto.

Ilikuwa Jumamosi, saa tano, mchana mweupe. Fomu ilikuwa mezani kwangu shuleni. Nilichukua karatasi ya kujaribia na nikaandika, kwa Kiingereza chenye kona zangu zote, kwamba Sila ni mwanafunzi bora kuliko wote niliopata kuwafundisha, na kwamba anajenga kwa mikono vitu ambavyo mimi siwezi kuvichora. Ilikuwa kweli, na ilikuwa tayari kunakiliwa kwenye fomu.

Ukuta wa ofisi ni wa mbao, wasikia yote. Upande wa pili Sila alikuwa amewaita darasa la sita, siku ya mapumziko, kurudia ile nusu kutoa theluthi. Alileta kiazi. Alikikata mbele yao, akawaambia washike vipande, wavipange, na ndani ya dakika kumi nilimsikia hata yule mtoto wa mwisho darasani akitoa jibu. Mimi somo hilo nilikuwa nimelifundisha wiki mbili.

Sasa nikuambie jambo ambalo Tabea analijua na hajawahi kulisema. Hesabu za sehemu mimi sizijui. Sikuwahi kuzijua. Chuo cha ualimu nilipita kwa tofauti ya alama mbili tu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikifundisha sehemu kwa kufuata majibu yaliyo nyuma ya kitabu. Siku suruali ilipochanika, chaki haikuanguka. Niliidondosha. Nilikuwa nimefika katikati ya ubao na sikujua pa kwenda, nikatafuta sababu ya kuinama. Suruali ilinisaidia kuliko nilivyotegemea.

Ile karatasi ya mkaguzi iliyo ukutani ni ya Sila. Miaka mitatu yote ni ya Sila. Nilipomsikia na kile kiazi nikaiona shule bila yeye, na mkaguzi amekuja, na mimi niko ubaoni, mwalimu mkuu mwenye umri wa miaka arobaini na sita, watoto wananitazama. Nikaikunja ile karatasi ya kujaribia. Kwenye fomu nikaandika yale uliyoyasoma.

Nilijua nani atayasoma. Nilijua Mzungu akiambiwa mtu hajui kitu ataamini kwamba hajui kitu. Nilichagua maneno ya baba makusudi, ili siku yakigundulika niseme ni adabu. Nilikuwa na jibu la kukupa kabla wewe hujauliza, na bado ukiuliza nilikimbia. Odilo hakuiba kitu, na Alois na kelele zake zote alimtendea mtoto wake vizuri kuliko mimi. Katika yale matusi niliyowatukana watu wa chuo, wanywaji wa chai, ulikuwa unasoma habari zangu mwenyewe.

Tarehe kumi na nane nimewaandikia chuo hayo yote, na nakala kwa mkaguzi. Hawajajibu. Mwaka huu nafasi imekwenda, hiyo siwezi kuirudisha. Wakimkubali mwakani itakuwa kwa alama zake, na maoni safari hii ataandika mwalimu mwingine.

Sila nimemwambia Jumatatu, kule kwenye mashine ya unga. Alikuwa anapaka gurudumu mafuta. Nilisema yote, hata habari ya chaki. Hakuacha kupaka. Nilisubiri anitukane, ningeshukuru. Mwisho akafuta mikono, akauliza,

"Sasa darasa la sita nani atawafundisha sehemu?"

Nikamwambia ni mimi. Akanitazama, Dorika, na sikupenda alivyonitazama, kisha akaenda nyumbani jikoni akarudi na kiazi.

Tumekaa siku tano sasa, kila alasiri watoto wakishaondoka. Hanisemeshi neno jingine lolote, mezani wala njiani. Nikikosea anaunganisha vipande na kunirudishia mkononi. Hanisamehe, ananifundisha tu. Jana nilikata nusu, nikatoa theluthi, nikabaki na kipande kidogo kiganjani, nikasema ni sudusi, moja ya sita. Akatikisa kichwa kukubali, akavaa koti.

Anayekupa barua hii ni yeye. Yule fundi wa magari hapo njia panda amekubali kumpa kazi mpaka Januari, na Sila ameomba akae kwako. Bahasha sikuigundisha. Nimemwambia aisome njiani, ahakikishe sijapunguza kitu.

Manase